Zamu za Maji Nilizokwenda Nazo Uholanzi

Ami yangu alisema nitafika Maskati, nitalala siku mbili kwa jamaa, kisha nitarudi Ibra na kudai kwamba ndege ilijaa. Muuza halua wa sokoni, mtu wa Unguja kama sisi, alisema kufika nitafika, lakini Kiingereza changu ni cha kuwasomea watu barua, si cha kukalia darasa. Bibi jirani, mzaliwa wa Pemba, hakugusa habari ya masomo. Yeye alisema baridi itaniua, na amekwisha kusikia kwamba maiti wa huko hawaoshwi ipasavyo.

Nayaweka maneno yao mwanzo ili ijulikane nilianzia wapi. Leo diploma yangu imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, mkabala na mlango, mahali ambapo mgeni akikaa kunywa kahawa hawezi kuikwepa. Mahali hapo nilipachagua mwenyewe, na msumari niliupigilia mwenyewe. Watu wengine hurithi maduka. Mimi nilirithi kanzu mbili za marehemu baba, na kilichozidi hapo nimekitafuta.

Tulifika Ibra mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi na mama, tukitokea Unguja. Mama ndiye aliyekuwa na kitu: kiunga kidogo cha mitende alichoachiwa na baba yake, pamoja na zamu ya maji ya saa mbili. Zamu ndiyo iliyokuwa mali. Kiunga bila zamu ni kuni. Falaji letu, yaani mfereji unaoyatoa maji chini ya ardhi upande wa milimani na kuyaleta mpaka mashambani, halikuwa la mtu mmoja. Liligawanywa kwa nusu saa, na kila nusu saa ilikuwa na mwenyewe. Baada ya siku nane mzunguko ulirudi mwanzo. Mama alifunguliwa maji mara moja katika siku hizo nane, na kwa saa mbili hizo tulikula mwaka mzima.

Mimi nilipata kazi katika ofisi ya maji ya serikali kwa sababu moja tu, Kiingereza cha skuli. Waliokuwa na Kiarabu kizuri kuliko changu walikuwa wengi, lakini hawakuweza kuzungumza na mhandisi wa kigeni. Nilifuatana naye kisima baada ya kisima, nikiteremsha utepe wa kupimia, nikisoma kina, nikiandika. Nilifanya hivyo miaka minne na sikukosea tarakimu. Halafu mhandisi akanipa habari ya chuo kikuu kimoja cha Uholanzi kilichokuwa kikipokea watumishi wa idara za maji kutoka nchi za nje kwa muhula mmoja, kuanzia Septemba hadi Januari, na kuwapa diploma. Aliniandikia barua. Chuo kikanikubali na kunisamehe ada. Tikiti, chumba na chakula vikawa juu yangu, na ofisi ikanipa likizo isiyo na mshahara.

"Utafikiri kwanza?" mhandisi aliniuliza.

"Nimeshakubali," nikamwambia, na mfukoni sikuwa hata na nauli ya kunifikisha Nizwa.

Pesa taslimu watu wa mtaa wetu hawakuwa nazo. Walikuwa na maji. Majira ya baridi, ambayo wenyewe huyaita shita, mtende hauna kiu kubwa na mwenye zamu anaweza kuishi bila ya zamu yake. Wakulima wa vitunguu na majani ya mifugo, wao huihitaji wakati huohuo, na huinunua kwenye mnada wa maji sokoni. Nilichofanya ni kuwaomba watu watatu, haohao ami, muuza halua na bibi jirani, wanikopeshe zamu zao za shita nzima iliyokuwa inakuja. Niziuze mnadani kwa mkupuo, niende nazo Uholanzi zikiwa pesa, nikirudi niwarudishie maji yao. Sijamjua mtu mwingine aliyekwenda kusoma ng'ambo kwa maji ya mitende. Fikra hiyo ilikuwa yangu, hakunifundisha mtu.

Tulikaa kwenye sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa wetu, na kahawa ikapita. Ami yangu, kaka wa marehemu baba, alikuwa amekaa Unguja miaka kumi, akarudi Ibra na Kiswahili chote na senti chache. Zamu yake ndiyo kubwa. Alianza yeye.

"Kukopa harusi, kulipa matanga. Hilo nimelisikia kwenu."

"Na mimi nimelisikia, ami."

"Basi matanga yako atakaa nani?"

"Hakuna matanga. Nitalipa."

"Mtu wa Zinjibari hunena, akapumzika, akanena tena. Ukibaki hukohuko je? Ukaoa Mzungu, ukawa unakula viazi?"

Watu wakacheka. Muuza halua akadakia: "Akioa Mzungu, yakhe, mimi changu nitalipwa jibini. Nitauza jibini na halua."

Ami hakucheka. "Maji ya mama yake yawe rahani. Shita ya kwanza hatudai, hiyo ndiyo anayokopa. Shita ya pili ikiisha hajalipa, maji ya mama yake yanauzwa mbele ya watu, na sisi tunalipana humo."

Mama alikwisha kunipa ruhusa kabla sijatoka nyumbani, kwa sababu sote wawili tulijua mazungumzo yatafika hapo. Nikakubali. Kwa hiyo mambo yalisimama hivi: nikirudi mikono mitupu, mama angebaki na mitende isiyo na maji, na kwa umri wake hakuwa na nchi nyingine ya kurudi.

Hata hivyo ami hakuridhika. Alitaka zamu zake alipwe kiangazi, wakati maji yanapogombaniwa. Mgawa maji wa falaji, mzee aliyepanga zamu kwa kivuli cha mti mchana na kwa nyota usiku, alikuwa nasi tangu tukae. Aliweka kikombe chini.

"Amekopa shita?"

"Shita," ami akajibu.

"Atalipa shita. Saa ya kiangazi ni ghali kuliko saa ya shita. Ukichukua zaidi ya ulichotoa, hiyo riba, na mimi sifungui maji ya riba."

"Basi alipe riyali."

"Kwani amekopa riyali?"

Sabla nzima ikawa imesikia. Maji yalipwe kwa maji, na shita kwa shita.

Bibi jirani aliileta ahadi yake mlangoni kwetu, nusu saa moja tu ya kila mzunguko. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Chukua. Ukifa huko nimekusamehe. Ukiwa mzima, utalipa."

Lililobaki lilikuwa koti. Nilipanda gari la mizigo mpaka Sur, nikavushwa khori, mkono wa bahari, kwa mashua kwenda Aija, kwa kuwa niliambiwa yuko mzee aliyewahi kuwa mpishi katika meli za mizigo za Wazungu, na koti lake bado analo. Alilitoa sandukuni likinuka dawa ya nondo. Lilikuwa zito kama mtu aliyezimia.

"Nakuazima, sikupi," alisema. "Lina vifungo sita. Lirudi na sita."

"Sita, mzee wangu."

"Hebu vihesabu mbele yangu."

Nikavihesabu.

Niliondoka Septemba, mwishoni mwa miaka ya sabini. Maskati nilifika asubuhi na kuruka jioni, na kwa jamaa sikulala.

Chumba nilipanga ghorofani kwa mama mmoja mjane, katika mji mdogo wenye chuo. Siku ya kwanza alinikaribisha kahawa. Akamimina kikombe, akafungua kopo la biskuti, nikachukua moja, akafunga kopo. Nilikunywa, nikashika kikombe mkononi, nikangoja. Kwetu mwenye nyumba humimina mpaka mgeni atikise kikombe chake, na asiyetikisa anataka tena. Sikutikisa. Yeye alikuwa anatazama televisheni. Nilikaa na kikombe kitupu hadi taarifa ya habari ikaisha, na mwisho nikakitikisa tu ili niruhusiwe kuondoka. Akaniuliza kama mkono unaniuma.

Sikuona uchungu. Niliandika katika daftari kwamba hapa mwenye kutaka husema, na siku ya pili nikasema. Alinimiminia bila ya kinyongo. Biskuti, hata hivyo, ilibaki moja, na ilikuwa moja mpaka Januari.

Darasani wenzangu walikuwa na shahada, baadhi yao mbili. Mimi nilikuwa na skuli ya Unguja na miaka minne ya utepe. Mwalimu wetu alikuwa mrefu, aliyekuja kwa baiskeli na kusahau vibanio kwenye miguu ya suruali, akafundisha navyo saa nzima. Siku ya kwanza alichora bahari juu ubaoni, na chini yake akachora nchi. Nikadhani amegeuza picha. Hakuwa ameigeuza. Mashamba yao yako chini ya bahari, na somo zima, kutoka Septemba hadi mwisho, lilikuwa ni namna ya kuyaondoa maji. Kuyachota shambani, kuyapandisha mferejini, kuyasukuma baharini, na kuanza tena kesho. Wiki mbili nilihisi kwamba nimeingia darasa la watu wengine. Halafu nikaelewa kwamba hesabu ni ileile, imeelekea upande mwingine tu. Jaribio la kwanza nilikuwa wa tisa. La pili nilikuwa wa kwanza, na mwenye shahada mbili akaja kuniazima daftari.

Kosa langu lilitokea Novemba, siku ya Jumapili. Nilikuwa natembea pembezoni mwa mashamba ili nipate joto, koti la Aija limenifika magotini. Karibu na daraja la mbao nikakuta mlango wa maji uko wazi, ubao wake umenyanyuliwa, na maji yanapita kutoka kwenye mtaro wa shamba la mtu na kuingia mfereji mkubwa. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na jembe, wala baiskeli, wala kiatu kilichoachwa. Maji yalikuwa yanakwenda zake.

Kwetu ukikuta mlango wa maji uko wazi na hakuna anayeyangojea, unaufunga. Huulizi ni wa nani. Aliyepita akauacha hivyo, habari yake itafika sabla kabla ya magharibi, na watoto wake wataikuta. Niliuteremsha ule ubao. Haukukaa sawa, maji yakawa yanapenya pembeni, basi nikachota tope na majani nikaziba kila upenyo, kama nilivyoona tangu nifike Ibra. Niliosha mikono, nikarudi chumbani nikiwa nimeridhika kabisa. Nilifikiri nimemfanyia mtu wema na yeye hatajua, na wema wa namna hiyo ndio wenye thawabu.

Mvua ikanyesha usiku huo na kutwa ya Jumatatu.

Jumanne mwalimu aliingia darasani akifuatwa na mkulima mmoja mwenye buti za mpira. Akauliza: nani aliufunga mlango wa maji karibu na daraja la mbao? Mkulima alikuwa na kondoo kumi na mbili waliosimama juu ya kipande cha ardhi kisichozidi mkeka, na chini ya nyumba yake viazi vya msimu mzima vilikuwa vinaelea.

Hakuna aliyeniona. Ningeweza kukaa kimya, na lawama ingewaangukia watoto wa mjini. Nilinyanyua mkono. Sikuona haya, kwa sababu kwa elimu niliyokuwa nayo Jumapili ile nilifanya sawasawa.

Tulipelekwa ofisini kwa mkuu wa masomo. Alisema wazi kwamba mwanafunzi aliyeharibu mali ya watu huweza kurudishwa kwao, na kwamba tikiti ya kurudi atalipa mwenyewe. Nilimsikiliza nikipiga hesabu. Nikirudi kabla ya mtihani sina diploma. Bila ya diploma sipandishwi cheo, na kwa mshahara wa msoma vipimo nisingeweza kununua mnadani hata zile zamu za bibi jirani, licha ya za ami. Shita moja, halafu nyingine, halafu mgawa maji angesimama sokoni kuyanadi maji ya mama yangu.

Mkulima aliuliza swali moja, na mwalimu akawa mkalimani.

"Anauliza kwa nini uliufunga."

"Maji yalikuwa yanapotea."

Mwalimu akatafsiri. Mkulima akataka lirudiwe.

"Anauliza yalikuwa yanapotea kwenda wapi."

"Baharini."

"Anasema huko ndiko yanakopelekwa. Baba yake aliyapeleka huko, na babu yake aliyapeleka huko."

Nikamwambia kwamba kwetu mama yangu ana saa mbili za maji, kisha anakaa siku nane. Mkulima alisikiliza tafsiri akitazama buti zake.

"Anauliza, hizo siku nane anafanya nini?"

"Anangoja."

Mkulima hakusema pole, wala sikumtaka aseme. Alisema kwamba mwisho wa mwezi wakaguzi wa baraza la maji watapita. Kule kila mwenye shamba hulazimika kuisafisha mitaro yake, na anayekutwa na majani au tope hutozwa faini. Yeye mgongo wake ni mbovu. Kama nitakwenda kuzoa tope lake kila Jumamosi mpaka siku ya ukaguzi, hana kesi na mimi. Mkuu wa masomo akamtazama, akanitazama, akafunga jalada.

Nilikwenda Jumamosi tatu. Alinipa buti na upawa wa chuma wenye mpini mrefu kuliko mimi, akanionyesha mtaro, akaenda zake. Tope lao ni jeusi na zito, na mikono ilinitoka malengelenge ya ukubwa wa tende. Adhuhuri mke wake aliniletea supu ya njegere. Ndani yake mlikuwa na nyama ya nguruwe, nikamshukuru na kula mkate mtupu. Jumamosi ya pili supu ililetwa haina nyama yoyote. Wakaguzi walipofika, wakiwa watu wawili wazee wenye fimbo, walitembea mtaro wa mkulima mwanzo mpaka mwisho na hawakukuta jani la kuandika. Mkulima akaninyooshea kidole kutoka mbali ili wanione. Kazi zangu nyingi zimesifiwa tangu wakati huo, na barua za pongezi ninazo, lakini hiyo ilisifiwa na watu waliokuja kutafuta kosa.

Mwalimu naye hakuliacha jambo lipite hivihivi. Alinipeleka kwenye daraja la mbao na ubao wenye pengo la pembe tatu, akauzamisha ndani ya mtaro. Maji yakapita katika pengo, na kwa kina chake unajua ni kiasi gani kinachopita. Hakuna kitu rahisi kuliko hicho.

"Siku nyingine," alisema, "kabla hujaushika mlango wowote, pima kinachoingia na pima kinachotoka. Ukishajua, funga au fungua. Kabla ya hapo mikono mfukoni."

Januari mifereji iliganda, watu wakapita juu ya maji na viatu vya chuma, na jua lilitua kabla sijamaliza sala ya alasiri vizuri. Mtihani ulikuwa wa siku mbili. Nilishika nafasi ya kwanza. Sisemi hivi kwa majivuno; imeandikwa. Nilipokwenda kumuaga mwalimu sikuomba barua ya sifa. Niliomba ubao mmoja wa zamani wenye pengo, na akanipa.

Uwanja wa ndege wa Maskati askari wa forodha aliutoa ubao kwenye mzigo.

"Hii nini?"

"Elimu."

"Na hii?" Alikuwa ameshika diploma.

"Karatasi yake."

Ofisi ilinipandisha cheo baada ya miezi mitatu, nikawa mkaguzi wa mafalaji, na mshahara ukakua. Lakini mwaka ule milimani hapakunyesha. Kufika mwisho wa kiangazi falaji letu lilikuwa limepungua hivi kwamba bei ya mnada ilipanda mara mbili, kisha ikapanda tena. Mshahara wangu mpya wote usingenunua nusu ya nilichodaiwa. Shita ya pili, ile ya malipo, ilibakisha wiki chache kuingia. Ami alinikuta sokoni nimevaa dishdasha mpya ya cheo.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwenye diploma. Nasikia imewekwa kioo. Basi hebu imwagilie mitende tuone."

Muuza halua, aliyekuwa na madai yake pia, akasema kutoka ndani ya duka: "Mwache, bwana, huenda inamea."

Wakati huo wenye falaji walikuwa wanachangishana kuchimba zaidi kule chanzoni, maana kila mmoja alisema maji yamekauka huko. Nikachukua ubao wangu. Siku ya kwanza niliuweka juu kabisa, pale mfereji unapotoka chini ya kilima. Siku ya pili niliuweka mahali unapoingia mashambani. Nikarudia mara tatu, kwa sababu sikuwa tayari kukosea mbele ya ami. Kila mara jibu lilikuwa moja: sehemu ya nne ya maji iliyopita juu haikufika chini. Chanzo kilikuwa na afya kuliko walivyodhani. Maji yalikuwa yanapotea njiani, na safari hii yalikuwa yanapotea kweli.

Nikaiambia sabla. Ami akauita ubao wa jibini. Wakili wa falaji, yaani msimamizi wake, mtu asiyependa maneno, alitaka aone kwa macho. Nilimpeleka, nikampa vijiti viwili, kimoja akate kwa kina cha maji ya juu na kimoja kwa kina cha maji ya chini. Aliviweka sambamba kiganjani. Akavirudisha, akavipima tena yeye mwenyewe bila ya mimi.

"Wapi?" aliuliza.

"Chini ya wadi, pale mfereji unapopita chini ya changarawe."

Walichimba pale wadini, kwenye bonde la mto mkavu. Ukuta wa zamani wa mfereji ulikuwa umepasuka urefu wa nyumba tatu, na mizizi imeingia humo kama watu waliokaribishwa. Wiki tatu tuliziba kwa saruji. Siku tulipofungua, maji yalifika mashambani yakiwa yamepanda kwenye kuta za mfereji kwa upana wa vidole vinne, na wanawake waliokuwa wanafua wakasogeza ndoo zao.

Wakili aliniletea bahasha ya riyali sablani mbele ya watu. Nikairudisha juu ya mkeka.

"Nataka maji," nikasema.

Falaji lenyewe lina siku yake katika kila mzunguko, ambayo hupigwa mnada na pesa zake zikatumika kulitengeneza. Niliomba siku hiyo kwa shita nzima.

"Mtu anakataa riyali anataka maji!" ami alisema, akiwageukia watu.

Mgawa maji alikuwa anasokota kikombe chake. "Anajua alichokopa," alisema.

Walibishana vikao viwili. Mwisho nikapewa nusu ya siku kuwa ujira wa kazi yangu, na nusu ya pili nikailipia kutoka kwenye mshahara wangu kwa bei ya mnada, iliyokuwa imeshuka maji yalipozidi, kama mnunuzi yeyote. Hiyo nusu ya pili naitaja kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaosema nilifadhiliwa.

Shita hiyo, kila mzunguko, maji yangu yalikwenda kwa watu watatu, na mgawa maji akahesabu. Katikati yake nilishuka Sur kulirudisha koti. Mzee wa Aija alivihesabu vifungo, vikatimia sita. Nilimwambia kwamba kimoja si cha asili, kilishonwa na mama mwenye nyumba wangu wa Uholanzi. Akasema sita ni sita.

Siku ya mwisho tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Bibi jirani alikuwa wa kwanza. Maji yaliingia kiungani mwake, yakazunguka mashina ya mitende yake, nusu saa ikaisha. Alikuwa amesimama na bakora yake ukutani.

"Hukufa," alisema.

"Sikufa, bibi."

"Basi umelipa."

Muuza halua, zamu yake ilipomalizika, alileta sinia, halua moto na kahawa, akawagawia waliokuwepo palepale mferejini. "Kukopa harusi," alisema, "na kulipa harusi. Kuleni, jibini sikupata."

Ami alikuwa wa mwisho, na zamu yake ilichukua mchana wote uliobaki. Alikaa juu ya ukingo, miguu ndani ya maji. Mgawa maji alikaa karibu na mti wake wa kivuli, macho kwenye jiwe la mwisho kati ya yale yaliyopangwa chini kupimia saa. Kivuli kikaligusa.

"Khalas," alisema.

"Bado kidogo," ami akasema. "Kona ile haijalowa."

"Kivuli hakina bado kidogo. Ulichotoa umepokea. Rahani imefunguka, na watu mmesikia."

Ami akainuka, akavuta kanzu yake, akainama kuufunga mlango wa maji wa shamba lake.

"Niachie mimi, ami," nikamwambia.

Akanitazama, akasogea. Nilikuwa nimepima kinachoingia na kinachotoka. Niliweka jiwe, nikaziba kwa matambara, nikapaka tope pembeni mpaka hapakuwa na tone linalopenya, na maji yakageuka kuelekea kiunga cha mama, ambaye zamu yake ndiyo iliyokuwa inafuata.